K. Kamaraj wa Madras: aliyewaweka mawaziri wakuu wawili wa India aliangushwaje nyumbani kwao?

Mdadisi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za siasa za India katika miaka 20 ya mwanzo baada ya uhuru, na kuna mtu mmoja ambaye kila nikikutana na jina lake nabaki na maswali mengi kuliko majibu. Huyo ni K. Kamaraj, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo la Madras, ambalo leo linaitwa Tamil Nadu, kuanzia mwaka 1954 hadi 1963. Aliacha shule akiwa mtoto, hakuwahi kuwa waziri katika serikali kuu, na Kihindi hakukijua. Hata hivyo, Waziri Mkuu Nehru alipofariki mwaka 1964 na Shastri alipofariki mwaka 1966, mara zote mbili ni yeye aliyesimamia kazi ya kumpata mrithi. Mwaka mmoja tu baadaye, katika uchaguzi wa mwaka 1967, alishindwa katika mji wake wa kuzaliwa, Virudhunagar, na kijana aliyekuwa ametoka katika harakati za wanafunzi.

Maelezo ninayoyakuta ni ya aina mbili. Kuna wanaomsifu kwa uadilifu na kwa chakula cha mchana alichowapa watoto shuleni, kana kwamba wema pekee unatosha kumfikisha mtu mahali pale. Na kuna wanaomtaja kama fundi wa hila za chama, wasieleze ufundi huo aliupata wapi. Ningeshukuru kama wenye ujuzi wa historia hii wangenieleza mambo mawili: nguvu yake ilitoka wapi hasa, na kwa nini ilikatika ghafla namna ile?

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Ndugu Mdadisi, naona swali lako la kwanza hujibika vizuri zaidi tukianza na miaka ambayo wengi huiruka, yaani kabla hajawa waziri kiongozi. Aliyoyafanya Delhi mwaka 1964 hayakuwa mageni kwake, kwa kuwa alikwisha kuyafanya Madras mara kadhaa.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1903 katika familia ya wafanyabiashara wadogo wa jamii ya Nadar. Hiyo ni jamii ambayo kwa vizazi vingi ilihesabiwa kuwa ya wagema na ikazuiwa kuingia katika mahekalu mengi, lakini ambayo katika miji kama Virudhunagar ilikuwa imeinuka kwa biashara na kwa kuchangiana. Hata shule aliyosoma ilianzishwa na kuendeshwa kwa mchango wa kaya, ambapo kila nyumba ilitenga konzi ya mchele kwa ajili ya watoto wa jamii hiyo. Baba yake alifariki Kamaraj akiwa na umri wa miaka 6, na baada ya miaka michache aliacha masomo akaenda kufanya kazi katika duka la vitambaa la mjomba wake. Mauaji ya Jallianwala Bagh ya mwaka 1919, ambapo askari wa Kiingereza waliwapiga risasi raia waliokusanyika, yalimkuta akiwa kijana wa miaka 15, na tangu hapo duka likawa halimshiki tena. Hakuwahi kuoa. Kwa jumla, mkoloni alimfunga kwa vipindi vinavyokaribia miaka 9, kifungo cha kwanza kikitokana na harakati za kuvunja sheria ya chumvi za mwaka 1930 na kirefu zaidi kikiwa cha kuanzia mwaka 1942 hadi 1945.

Kilichomtofautisha na wapigania uhuru wengine wa Madras ni kwamba wao wengi walikuwa mawakili wa mjini, wenye Kiingereza kizuri na hotuba ndefu, ilhali yeye alikuwa mtu wa matawi. Aliwajua makatibu wa wilaya kwa majina, akajua nani ana ugomvi na nani, na nani akiahidi hutimiza. Mlezi wake wa kisiasa, S. Satyamurti, alipochaguliwa mwaka 1936 kuwa rais wa tawi la jimbo la Congress, chama kilichopigania uhuru na baadaye kutawala India, alimfanya Kamaraj katibu wake. Mwaka 1940 Kamaraj akachaguliwa kuwa rais, naye Satyamurti akakubali kuwa katibu chini ya mwanafunzi wake. Napenda kulitaja tukio hilo kwa sababu linawapa heshima wote wawili.

Cheo hicho cha urais wa chama alikishika kwa takriban miaka 14, na humo ndimo mlimo jibu lako. Katika kipindi hicho jimbo lilipata viongozi wa serikali kadhaa: T. Prakasam mwaka 1946, Omandur Ramaswamy Reddiar mwaka 1947, kisha P. S. Kumaraswamy Raja mwaka 1949, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda au kushuka bila Kamaraj kuwa na neno. Hata C. Rajagopalachari, hasimu wake mkubwa ndani ya chama, alipoitwa kuiongoza serikali mwaka 1952 baada ya Congress kukosa wingi wa viti, aliitwa kwa kuwa chama kilimhitaji, na Kamaraj alikubali huku akijua fika kwamba hawapatani.

Sasa tazama mwaka 1954. Rajagopalachari alilazimika kuondoka, na katika kura ya wabunge wa Congress Kamaraj alimshinda C. Subramaniam kwa kura 93 dhidi ya 41. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwingiza Subramaniam katika baraza la mawaziri, pamoja na M. Bhaktavatsalam aliyekuwa amempendekeza Subramaniam huyo huyo. Baraza lenyewe lilikuwa dogo, la watu 8 tu, na ndani yake alimweka B. Parameswaran, Mdalit, yaani mtu wa jamii zilizohesabiwa najisi katika mfumo wa matabaka, akamkabidhi pamoja na mengine idara ya mahekalu ya Kihindu, wakati ambapo kumbukumbu za Wadalit kufukuzwa milangoni mwa mahekalu hayo hayo zilikuwa bado mbichi.

Kwa hiyo Nehru alipofariki tarehe 27 Mei 1964 na Kamaraj, akiwa rais wa chama kitaifa, akaanza kumwita mbunge mmoja mmoja na waziri kiongozi mmoja mmoja ili kusikiliza nani anakubalika kwa wengi, alikuwa anarudia kazi aliyoifanya kwa miaka mingi katika jimbo lake. Morarji Desai, mkubwa mwingine wa Congress aliyeutaka uwaziri mkuu, alitaka kinyang'anyiro cha wazi. Kamaraj aliongea kidogo, akasikiliza sana, kisha akatangaza kwamba makubaliano yameelekea kwa Lal Bahadur Shastri. Mwaka 1966 Desai hakukubali tena kukaa pembeni, kura ikapigwa, na Indira Gandhi, binti wa Nehru, akapata 355 dhidi ya 169. Mawaziri viongozi wa majimbo ndio waliompa Indira wingi ule, na wao walikuwa watu ambao Kamaraj alikuwa akizungumza nao lugha moja ya madaraka, hata kama hawakuwa na lugha moja ya mdomo.

---

Bibi Maktaba

Mpekuzi ameeleza vizuri upande wa chama, lakini naona amepita juu juu sana kwenye miaka 9 ya utawala, kana kwamba ilikuwa ngazi tu ya kwendea Delhi. Kwa watu wa Tamil Nadu mambo ni kinyume: Delhi ndiyo wanayoisahau, na shule ndizo wanazozikumbuka.

Ni muhimu kufahamu kwa nini Rajagopalachari aliondoka. Mwaka 1953 serikali yake ilileta mpango wa shule za msingi za vijijini ambao ulipunguza muda wa mtoto kukaa darasani hadi takriban saa 3 kwa siku, ili muda uliobaki ajifunze kazi ya wazazi wake. Yeye alisema lengo ni kupokea watoto wengi zaidi kwa walimu wachache waliopo. Wapinzani wake, hasa E. V. Ramasamy anayejulikana kama Periyar, mwanaharakati wa kupinga matabaka, waliuona kuwa ni njia ya kumfunga mtoto wa kinyozi kwenye wembe na mtoto wa mfinyanzi kwenye udongo, yaani kuyarudisha matabaka kupitia mlango wa shule. Kamaraj aliufuta mpango huo mara baada ya kuingia madarakani, na tangu siku hiyo Periyar, ambaye maisha yake yote alikuwa adui wa Congress, alimuunga mkono yeye binafsi hadi mwaka 1967.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi halisi. Shule zilifunguliwa katika vijiji visivyokuwa na shule, elimu ikawa bila ada kwa maskini na baadaye kwa wote, na kuanzia mwaka 1956 mpango wa chakula cha mchana ukaenezwa katika shule za msingi. Mara nyingi husemwa kwamba Kamaraj ndiye aliyebuni wazo la kulisha wanafunzi. Hilo si sahihi, kwa kuwa halmashauri ya jiji la Madras, chini ya chama cha Justice, ilikuwa imejaribu jambo hilo katika shule zake tangu miaka ya 1920. Alichofanya yeye ni kulitoa jijini na kulifanya kuwa jukumu la jimbo zima, na hapo alimtegemea sana mkurugenzi wake wa elimu, N. D. Sundaravadivelu, mtu ambaye kwa maoni yangu anastahili kutajwa kila jina la Kamaraj linapotajwa.

Mpango huo haukuendeshwa kwa fedha za serikali pekee. Vijiji vilichanga, na ilifanyika mikutano ya kuboresha shule ambapo wananchi walileta madawati, vitabu, sare, hata viwanja vya kujengea. Mpekuzi amegusia konzi ya mchele ya Virudhunagar. Nadhani tunaweza kuiona tena hapa, safari hii ikiwa sera ya jimbo. Mwaka 1982 M. G. Ramachandran, akiwa waziri kiongozi wa jimbo hilo hilo, aliupanua mpango huo kwa kiasi kikubwa mno, na tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru majimbo yote yawape wanafunzi wa shule za msingi za umma chakula kilichopikwa.

Kuhusu viwanda na maji nitasema kwa ufupi. Bwawa la Vaigai, Sathanur, Amaravathi na Manimuthar ni ya kipindi chake; kiwanda cha mabehewa ya reli cha Perambur, mgodi wa makaa wa Neyveli na eneo la viwanda la Guindy vilianza au kukua wakati huo, R. Venkataraman akiwa waziri wa viwanda. Baadhi ya hayo yalikuwa miradi ya serikali kuu, kwa hiyo sifa igawanywe inavyostahili.

---

Mkosoaji Mstaarabu

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, hasa Bibi Maktaba ambaye michango yake huwa naisoma mara mbili, naomba niweke mezani yale ambayo wasifu wa Kamaraj huyaficha kwa kawaida.

La kwanza ni jina la jimbo. Mwaka 1956, majimbo yalipokuwa yakipangwa upya kwa misingi ya lugha, mwananchi mmoja wa Virudhunagar aitwaye Sankaralingam, mtu wa mji ule ule na jamii ile ile ya Kamaraj, alianza mfungo akidai pamoja na mengine kwamba jimbo la Madras liitwe Tamil Nadu. Alifunga kwa zaidi ya siku 70 akafariki mwezi Oktoba, na serikali haikukubali. Jina lilibadilishwa mwaka 1969 chini ya C. N. Annadurai wa DMK, chama cha kutetea Watamil kilichokuwa mpinzani wa Congress. Katika upangaji huo huo wa mipaka, Kanyakumari iliingia Madras, lakini Devikulam na Peermade, zilizokuwa na Watamil wengi, zilibaki Kerala, na wapo ambao hadi leo wanaona kwamba Kamaraj hakupigania maeneo hayo kwa nguvu za kutosha kwa sababu aliogopa kuonekana mtu wa jimbo mbele ya Nehru.

La pili ni Mudukulathur, eneo la kusini mwa jimbo. Mwaka 1957, baada ya kiongozi wa Wadalit, Immanuel Sekaran, kuuawa mwezi Septemba, eneo hilo liliwaka moto wa vita vya matabaka, na polisi wa serikali ya Kamaraj waliwapiga risasi watu na kuwaua. U. Muthuramalinga Thevar, kiongozi wa jamii ya Thevar na mpinzani wa Congress, alikamatwa na kushtakiwa, kisha akaachiwa na mahakama. Wanaoitetea serikali husema kwamba iliwalinda wanyonge. Wanaoilaumu husema kwamba ilitumia bunduki za dola kumaliza ugomvi wa kisiasa. Mimi naona yote mawili yalikuwepo, na kwamba wasifu usiolitaja jambo hili haujakamilika.

La tatu ni ardhi. Sheria ya mwaka 1961 iliweka kikomo cha ekari sanifu 30 kwa familia, lakini ilikuwa na misamaha mingi kiasi kwamba wenye mashamba makubwa hawakutikisika. Mtandao wa matawi ambao Mpekuzi ameusifu ulikuwa unasimama juu ya watu hao hao: wenye mashamba, wenye mabasi, wenye viwanda vya kukoboa mpunga. Waliofaidi elimu walikuwa wengi. Waliofaidi ardhi, wachache mno.

---

Mdadisi (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana. Sehemu ya kwanza ya swali langu naona imepata jibu lililoshiba. Kuhusu anguko, je, ni sahihi kusema, kama nilivyosoma mahali, kwamba watoto aliowapeleka shuleni ndio waliokua wakamwondoa? Ni maelezo ya kuvutia, ila nayaonea shaka.

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Una haki ya kuyaonea shaka. Umri wa kupiga kura India wakati huo ulikuwa miaka 21, nao uliteremshwa hadi 18 mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1956 hakuweza kupiga kura mwaka 1967. Waliokuwa vyuoni mwaka 1965 walikuwa wamekwisha kuanza shule kabla ya chakula cha mchana. Lililo kweli ni kwamba upanuzi wa shule za sekondari na vyuo uliongeza wanafunzi wa mjini wenye kusoma magazeti na kuhudhuria mikutano, na hao hawakuhitaji kadi ya mpiga kura ili kuitikisa serikali.

Chanzo cha anguko nakiona katika uamuzi wake mwenyewe wa mwaka 1963. Alimshauri Nehru kwamba viongozi wakubwa waache vyeo vya serikali warudi kukijenga chama, na mpango huo ukapewa jina lake. Mawaziri 6 wa serikali kuu na mawaziri viongozi 6 wa majimbo waliondoka, akiwemo yeye, aliyeacha ofisi tarehe 2 Oktoba 1963. Nia ilikuwa kukiokoa chama kilichoanza kupoteza chaguzi ndogo, ingawa wengi waliona pia kwamba mpango ule ulimsaidia Nehru kuwaweka kando wakubwa kama Desai. Lakini Madras ilibaki mikononi mwa Bhaktavatsalam, mtawala hodari wa mafaili ambaye hakuwa na sikio la mtangulizi wake. Tarehe 26 Januari 1965 Kihindi kilitarajiwa kuwa lugha rasmi pekee ya muungano, wanafunzi wa Madras wakaingia barabarani, na serikali ya jimbo ikajibu kwa risasi. Wakati huo Kamaraj alikuwa rais wa chama kinachotawala Delhi. Hakuweza kuwa upande wa wanafunzi, na alijua kwamba kuwa dhidi yao ni kujimaliza. Hata mawaziri wawili wa serikali kuu kutoka Madras, Subramaniam na O. V. Alagesan, waliandika barua za kujiuzulu.

---

Bibi Maktaba

Niongezee mchele, kwa sababu akina mama waliosimama kwenye foleni mwaka 1966 hawakuwa wakibishana kuhusu lugha. Uhaba wa nafaka ulikuwa mkali, na DMK iliahidi vipimo vitatu vya mchele kwa rupia moja, ahadi ambayo baadaye haikutimizwa kama ilivyotangazwa. Kisha, tarehe 12 Januari 1967, wiki chache kabla ya kura, mwigizaji M. R. Radha alimpiga risasi Ramachandran, nyota wa filamu na mgombea wa DMK, na picha ya nyota huyo akiwa amefungwa bendeji ikazagaa jimbo zima. Hakuna mtandao wa matawi ambao ungeweza kushindana na picha ile.

---

Mkosoaji Mstaarabu

Nakubaliana na yote hayo, ila hesabu za kura zinaonyesha jambo ambalo simulizi za anguko hulipita. Congress ilipata takriban asilimia 41 ya kura za jimbo mwaka 1967, kiwango ambacho hakikuwa kibaya kuliko cha 1952, na DMK peke yake haikuipita. Kilichobadilika ni kwamba wapinzani waliokuwa wakigawana kura sasa walikuwa kitu kimoja: DMK, wakomunisti wa mrengo wa CPI(M), Muslim League, na chama cha Swatantra cha Rajagopalachari, ambaye alikuwa na umri wa miaka 88 na bado hajasahau mwaka 1954. Annadurai alifanya kazi ile ile ya kuwaweka mahasimu chumba kimoja ambayo Kamaraj alikuwa bingwa wake. Katika Virudhunagar, P. Seenivasan, yule kijana wa harakati za wanafunzi, alimshinda Kamaraj kwa kura 1,285 tu. Bhaktavatsalam naye alipoteza kiti.

Tena, kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa moja kwa moja kama swali la mwanzo lilivyodokeza. Mwaka 1969 alishinda uchaguzi mdogo wa Nagercoil na kuingia bunge la taifa. Mwaka huo huo Congress ilipasuka, naye akabaki upande wa wazee waliompinga Indira Gandhi, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfikisha madarakani. Uchaguzi wa mwaka 1971 Indira aliingia Tamil Nadu kwa ushirikiano na DMK, akaiachia DMK hiyo viti vyote vya bunge la jimbo, na upande wa Kamaraj ukashindwa vibaya. Hata hivyo yeye alikitetea kiti chake cha Nagercoil, akabaki nacho hadi alipofariki jijini Madras tarehe 2 Oktoba 1975, katika nyumba ya kupanga, miezi michache baada ya Indira kutangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ya Indira ikampa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya kiraia nchini India, na sehemu kubwa ya wafuasi wake ikarejea katika Congress ya Indira.